Njoo Kesho: Namna ya Kuishi Ukristo Wako Mbele ya Majirani wa Dar

Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya Idd. Mteja wangu, mama wa Kiislamu anayekaa nyumba ya nne kutoka kibanda changu cha ushonaji hapa Mwananyamala, alikuja kuulizia gauni lake kwa mara ya tatu. Nikamwambia bila kupepesa macho, "Mama, limebaki vifungo tu. Njoo kesho." Kitambaa chake kilikuwa bado kwenye mfuko ule ule aliokuja nao, chini ya meza, mkasi haujakigusa. Na pembe yake ilikuwa imechomoza. Akaitazama ile pembe, akanitazama mimi, akainama akauvuta mfuko wake. Akasema taratibu, "Fundi, Jumapili nakuona unapita na Biblia yako. Ungeniambia tu hujaikata, ningepeleka kwingine."

Akaondoka. Hakupiga kelele, na sijasikia kwamba alimsimulia mtu.

Nimeimba kwaya miaka mingi na mahubiri nimeyasikia mengi, lakini siku ile nilifunga kibanda mapema, nikaenda kupiga magoti chumbani. Mambo ninayoyaandika hapa nimeyapata kuanzia jioni hiyo, kwa kujaribu, kuanguka na kurudia. Namwandikia Mkristo wa kawaida wa mji huu: aliyepanga chumba, anayegombania daladala asubuhi, mwenye deni dukani, mwenye kibanda, meza ya biashara au kiti cha ofisini.

Tushike kwanza neno moja. Matendo ya Mitume 11:26 inasema wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza huko Antiokia. Waliitwa, na huenda waliowaita ni watu wa mji, waliokuwa wakiwaona sokoni na majumbani. Mpaka leo ni hivyo. Kanisani tunabatizwa, ila mtaa ndio unaotutaja. Na mtaa wa Dar unatuona kwa karibu mno. Nyumba moja ya kupanga ina vyumba sita, bafu moja na mita moja ya LUKU. Mkristo na Muislamu wanaanika nguo kwenye kamba moja. Jirani anajua sauti unayomwitia mwanao ukiwa na hasira, anajua umerudi saa ngapi, anajua unamdai nani na nani anakudai.

Kabla hujaanza: omba kitu kidogo na chenye jina

Ukiamka na kusema "kuanzia leo nitakuwa mtu mwema," ikifika saa nne asubuhi umeshachoka. Wagalatia 5:22 na 23 inataja tunda la Roho: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole na kiasi. Ni tunda, na tunda huota. Mimi ni fundi, naweza kukushonea karibu chochote, lakini hilo siliwezi. Kazi yetu ni kupalilia na kumwagilia.

Kwa hiyo omba kwa udogo. Mimi huomba nikiwa natia mafuta cherehani, kabla mteja wa kwanza hajafika: "Bwana, leo nisimdanganye mtu tarehe." Ni hivyo tu. Jioni, nikiwa nafagia vipande vya nguo, nawapitia moyoni watu wote waliosimama pale mbele yangu tangu asubuhi, mmoja mmoja. Nikifika kwa mtu ambaye moyo unakataa kumtazama, hapo najua nina kazi kesho. Anayepanda mwendokasi kutoka Kimara anaweza kufanya hivyo hivyo amesimama, ameshika bomba la juu, wala asijulikane.

Chagua jambo moja kwa mwezi mzima. Wengi wetu hukata shauri kuacha uongo, hasira, uvivu na umbea kwa siku moja baada ya semina, na wiki haishi tumeviokota vyote.

Hatua ya 1: Andika madeni yako yote, kisha uanze na mnyonge

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na nitakaa hapa kwa muda. Nimewaona ndugu wanaosimama mbele kushuhudia Jumapili, halafu Jumatatu wanazunguka mtaa wa pili ili wasipite mbele ya duka la Mangi. Mangi anawaona. Anazijua kanga zao na viatu vyao. Kila hatua ya kumkwepa ni mahubiri, na anayasikiliza.

Nunua daftari. Ukurasa wa kushoto andika fedha: duka, genge, wakala aliyekupa muamala kwa imani, marejesho ya kikoba, kodi, fundi, mama ntilie, mtu aliyekutumia pesa kwa simu kimakosa ukanyamaza. Huyo wa mwisho usimruke. Ukurasa wa kulia andika ahadi: nani ulimwambia utampigia, nani ulimwahidi kazi ya mwanawe, nani ulimwambia "nitakuja kumwona mgonjwa" na mgonjwa ameshapona au ameshazikwa.

Sasa panga. Tumezoea kumlipa kwanza anayeweza kutuaibisha, yaani mwenye nyumba au mkubwa wa kazini. Wewe anza na mwenye uwezo mdogo wa kusubiri. Torati, katika Kumbukumbu 24, iliagiza kibarua alipwe siku ile ile kabla jua halijazama, kwa sababu ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo. Mama wa genge anayekudai shilingi elfu tatu anazihitaji alfajiri ya kesho, akanunue nyanya Ilala. Elfu tatu yako ni sehemu ya mtaji wake, na ikikaa kwako wiki mbili meza yake inapungua mafungu. Nenda kwake leo.

Kama huna, nenda vilevile. Hapa ndipo wengi tunapokwama, tunadhani mtu asiye na pesa hana cha kupeleka. Peleka uso wako. Sema hivi: "Shikamoo mama. Sijasahau ile elfu tatu. Leo nina elfu moja, hii hapa. Iliyobaki nitakuletea Ijumaa jioni." Usianze na hadithi ya mgonjwa wala ya mshahara kuchelewa, hata kama ni ya kweli, hakukuuliza. Kisha Ijumaa ifike na wewe ufike, hata kama unachopeleka ni mia tano.

Msome Zakayo katika Luka 19. Yesu alikuwa ameshaingia kwake, ameshampokea, ndipo Zakayo akasimama na kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Huruma ndiyo iliyotangulia, na hesabu ikafuata mara moja, tena kwa namba. Nakusihi, usiache imani yako ibaki kwenye huruma tupu isiyofika kwenye namba.

Hatua ya 2: Rudisha thamani ya "ndiyo" yako

Mji huu tumeuzoesha uongo mdogo mpaka hauna ladha. Mtu yuko kitandani Tegeta anasema "nipo Mwenge, nakaribia." Simu inaita, mtoto anaambiwa "pokea, sema mama ameenda sokoni." Huyo mtoto kesho yuko Sunday school, na ile amri ya kutoshuhudia uongo ataisoma akiwa anakujua.

Kwa sisi mafundi uongo una jina lake: njoo kesho. Nieleze nilivyojaribu kuutoa, kila mwenye kazi yake atapata cha kuchukua.

Nilianza kwa kuhesabu. Nilikuwa napokea nguo bila kujua uwezo wangu. Nikajipima wiki mbili nikiandika kila nguo imechukua saa ngapi kuanzia kukata hadi pasi. Nikagundua kwa siku namaliza magauni mawili ya kawaida, au moja kama lina lasi na zipu ya kujificha, na nilikuwa nikiahidi manne. Kwa hiyo nilikuwa muongo tangu asubuhi, hata kabla sijafungua mdomo. Baada ya hapo nikawa nafungua daftari mbele ya mteja, nahesabu kazi zilizomtangulia, naongeza siku mbili za umeme kukatika na mtoto kuugua, ndipo nataja siku. Mteja akisema ni mbali mno, namwelekeza kwa fundi mwingine kwa jina na mahali.

Wateja walipungua. Nakwambia ukweli, miezi ya mwanzo ilikuwa migumu, hasa msimu wa harusi, watu walipotaka sare za kamati kwa wiki moja nami nikasema siwezi. Ukiamua kusema kweli, tegemea kupoteza kitu. Zaburi ya 15 inamtaja mtu atakayekaa katika hema ya Bwana kuwa ni yule ambaye "ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake." Hasara imo ndani ya andiko lenyewe, hatukuahidiwa kwamba uaminifu utakuwa wa bure.

Na kuna uaminifu ambao hakuna atakayeujua. Mtu analeta kitenge cha yadi sita, gauni linatumia nne na kitu. Kinachobaki, kwa mazoea yetu mafundi, kinaishia kwenye gunia la fundi, kinakuja kuwa kola ya nguo ya mtu mwingine au gauni la mtoto wa kuuza. Mteja haulizi, wengi hawajui hata kipimo. Siku hizi nakikunja kilichobaki nakiweka ndani ya mfuko pamoja na nguo, hata kama ni kipande cha kutosha leso. Hicho kipande ndicho kilichonifundisha kumcha Mungu kuliko mkesha wowote niliokesha. Ofisini kwako kipande hicho kina jina lingine: karatasi, mafuta ya gari, posho ya siku ambayo hukusafiri, risiti uliyoandikiwa zaidi. Wewe unakijua.

Hatua ya 3: Jipime kwa mtu asiyeweza kukufanya kitu

Sahau kwa muda unavyomheshimu mchungaji au padri wako. Tazama unavyosema na konda.

Daladala imejaa, konda amepita nyuma, hakukuona. Unashuka kituoni na nauli bado iko mkononi. "Konda, yangu hujachukua." Maneno matatu. Atakushangaa kidogo, atachukua, gari litaondoka. Asubuhi hiyo hiyo utaona wanafunzi wamesimama kituoni na konda anawazuia mlangoni kwa sababu nauli yao ni ndogo. Ukiwa mtu mzima uliyekaa kiti cha mbele, sauti yako ina uzito: "Kaka, wapakie watoto, wanachelewa shule." Sema kwa upole, naye anahangaikia hesabu ya tajiri jioni.

Kipimo kikubwa kiko nyumbani, naye ni dada wa kazi. Nimeingia nyumba ambazo ukutani pana picha ya Yesu na andiko la kuwakaribisha wageni, na binti wa watu anakula jikoni amechuchumaa, chakula kilichobaki baada ya wote. Fanya haya wiki hii. Ale chakula mlichokula, wakati mnaokula. Mpe mshahara wake mkononi au kwenye simu yake, tarehe mliyokubaliana, wala usimwekee bila ridhaa yake. Akivunja sahani, usimkate. Apate siku ya mapumziko: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na binti wa nyumbani naye ni mfanyakazi. Akiwa Mkristo aende ibadani, asibaki kupika pilau la Jumapili wakati wewe unaimba. Akiwa Muislamu, awe na nafasi ya kuswali na asibughudhiwe akifunga. Kisha muulize jina la mama yake na hali ya kwao, usikilize jibu.

Mlinzi wa getini, mzoa taka, kijana wa bodaboda uliyemkalisha dakika ishirini juani halafu ukamlipa bila neno, mama ntilie unayemwita kwa kugonga meza. Watu hawa wanasema nasi kila siku, na hawana kamati ya kutushtaki.

Hatua ya 4: Waulize wa nyumbani, kisha unyamaze

Chagua jioni moja tulivu. Muulize mume, mke, mtoto mkubwa au mdogo wako unayekaa naye: "Kuna kitu gani ninachofanya kinakuumiza?" Ukishauliza, usijitetee. Hata neno "lakini" usiliseme. Binti yangu aliniambia, "Mama, ukitoka kwenye maombi unakuwa mkali kuliko ulivyoenda." Nilikuwa na majibu saba tayari. Nikayameza. Nikaja kuona alikuwa sahihi: nilirudi nimechoka, sijala, nikakuta vyombo havijaoshwa, nikapiga kelele. Dawa ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, nilianza kula kabla ya kwenda.

Mbali na hao, uwe na mtu mmoja nje ya nyumba, wa jinsia yako, aliyekuzidi umri au uzoefu, mwenye ruhusa ya kukuuliza kuhusu fedha na hasira. Anaweza kuwa mzee wa kanisa au mtu wa jumuiya yenu. Asiwe mtu anayekusifia.

Hatua ya 5: Uani, foleni ya maji na simu ya mkononi

Ugomvi wa nyumba za kupanga hauanzi na mambo makubwa. Umeme umeisha kabla ya wakati, mwenye friji anatazamwa vibaya, mtu ameoga maji ya mwenzake, mtoto wa fulani amechafua ukuta. Yakobo, sura ya 3, anafananisha ulimi na cheche inayowasha msitu mkubwa, na mtu aliyeishi uswahilini hahitaji kufafanuliwa.

Neno la kwanza likitupwa, usilijibu hapo kwenye ndoo, mbele ya macho kumi. Beba maji yako uende. Subiri hadi usiku watu watulie, kisha nenda mlangoni kwake, piga hodi, omba kukaa. Mkikaa, anza na sehemu yako: "Kweli pasi yangu ya kazini inakula umeme. Tukubaliane mimi nichangie kiasi gani." Mara nyingi mambo huishia hapo. Yasipoisha, mwiteni mjumbe au mtu mzima mnayemheshimu wote wawili, wala usimpeleke mwenzio kwenye maombi ya kikundi kwa kumtaja "kuna dada mmoja nyumbani kwetu tumwombee." Huo ni umbea uliofunikwa kwa kanga ya sala, na aliyetajwa atapata habari.

Kuhusu simu nitasema kidogo. Usisambaze picha za majeruhi, sauti za watu wanaogombana wala ujumbe wa "ukiwatumia watu kumi utabarikiwa." Grupu la kanisa likianza kumjadili mtu asiyekuwepo, andika, "Tumuulize mwenyewe," kisha uweke simu chini.

Hatua ya 6: Kwa jirani wa dini nyingine, fika

Dar si mji wa Wakristo peke yao, na namshukuru Mungu kwa hilo. Adhana ya alfajiri ndiyo inayoniamsha, na wako majirani wanaojua ni Jumapili kwa kengele yetu. Tumelelewa pamoja, wengine tuna shangazi na wajomba wa upande wa pili. Hapa mwenendo unaonekana kwa kufika.

Msiba ukitokea kwa jirani Muislamu, nenda mapema. Wao hawaweki mwili siku nyingi, wakiweza huzika siku ile ile, kwa hiyo ukisubiri kutoka kazini utakuta watu wamesharudi. Mwanamke jifunge kanga, jitande kichwani, ingia ndani ukae mkekani na wenzako. Ukiona viazi vinamenywa, chukua kisu. Mwanaume, wafuate wenzako makaburini. Toa rambirambi yako kwa aliyeshika daftari. Hapo si mahali pa kueleza tofauti za imani.

Mwezi wa Ramadhani usile barazani mbele ya watu waliofunga. Ukialikwa futari, nenda kwa wakati, kwa sababu adhana haikungoji. Nawe ukiwa na sherehe, mpe Muislamu achinje kuku na mbuzi ili jirani ale bila wasiwasi. Najua wako wenzetu hawakubaliani nami katika hili. Mimi namtazama Paulo, aliyewaandikia Wakorintho kwamba yuko radhi asile nyama kabisa kuliko kumkwaza ndugu yake. Alikuwa akisema juu ya waumini wenzake, lakini sioni kwa nini upendo huo ukome kwenye ukuta wa kanisa.

Na spika zetu. Mkesha unapofika saa nane usiku, upande wa pili wa ukuta kuna mtoto mchanga, kuna mzee wa presha, kuna kijana anayeamka saa kumi kuwahi Kariakoo. NEMC, baraza la taifa la mazingira, ina kanuni za kelele tangu mwaka 2015, lakini tusingoje kuletewa afisa. Mungu anasikia hata spika zikielekezwa ndani. Ukiwa kwenye kamati ya kanisa, lizungumze wewe, hata wakikuona huna moto.

Siku itafika mtu akuulize, "Hivi ninyi mnaamini nini hasa?" Petro, katika waraka wake wa kwanza sura ya 3, anatutaka tuwe tayari kujibu kila anayetuuliza habari za tumaini tulilo nalo, tena kwa upole. Ona kwamba anamzungumzia mtu aliyeuliza. Mjibu kwa maisha yako, kwa maneno machache: Yesu ni nani kwako, alikukuta wapi, unamhitaji kwa nini leo. Ukishajibu, nawe muulize la kwake, umsikilize kama ulivyotaka akusikilize.

Hatua ya 7: Jua cha kuficha na cha kuacha kionekane

Katika hotuba moja ya mlimani Yesu anasema mambo mawili. Mathayo 5:16, nuru iangaze mbele za watu wayaone matendo mema wamtukuze Baba. Mathayo 6:1, angalieni msifanye wema machoni pa watu ili mtazamwe. Nilihangaika na maneno haya muda mrefu. Kinachonisaidia sasa ni kujiuliza: jambo hili likijulikana, nani atapata faida?

Kulipa deni, kuomba radhi, kukataa rushwa kaunta mbele ya wenzako, kumtetea mwanafunzi kituoni, haya yafanye wazi, maana kuna mtu anayepona kwa kuwa yamefanyika wazi. Sadaka, kufunga, unga uliompelekea mjane, ada uliyomlipia mtoto wa watu, hivyo vifiche. Ukienda Muhimbili au Ocean Road kumwona mgonjwa, simu ikae mfukoni. Yule mama aliyelala pale na mpira wa dripu, nywele hazijachanwa, hakukupa ruhusa ya kumweka kwenye status yako na maneno "tumetembelea wagonjwa." Kaa kidogo, muulize kama ana sabuni, omba kwa sauti ya chini, ondoka kabla hajachoka.

Hatua ya 8: Ukianguka, rudi pale pale ulipoangukia

Utaanguka. Mimi niliyeandika haya bado natamka "njoo kesho" pale ninapobanwa, na inabidi nimkimbilie mtu barabarani kumwita arudi.

Mathayo 5:23 na 24 inasema kama uko madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, nenda kwanza mkapatane. Sisi tumegeuza, tunatubu kwa Mungu kwa machozi, na mwenye neno anatusubiri nyumba ya nne.

Ukienda kuomba radhi, usiseme "kama nilikukosea." Taja kosa kwa jina lake. Usieleze ulikuwa na hali gani. Sema utafanya nini kurekebisha, kisha mwache mwenzio awe huru. Anaweza asikusamehe siku hiyo. Na kama ulimkosea mbele za watu, mwombe radhi mbele ya watu wale wale.

Mimi nilienda kwa yule mama siku ya nne baada ya Idd, jioni. Nilipiga hodi, akanikaribisha ukumbini, watoto wake wakanisalimia. Nikasema, "Mama, nilikudanganya mara tatu. Kitambaa sikuwa nimekigusa, na sikukupa hata nafasi ya kutafuta fundi mwingine. Naomba unisamehe. Ukiridhia, gauni lolote nitakushonea bila malipo." Alikaa kimya kwa muda. Akasema, "Nimekusikia, fundi." Akaniletea chai na kaimati zilizobaki. La gauni hakuligusia, na sikulirudia. Nilirudi nyumbani sijui kama nimesamehewa.

Ilipita miezi. Tukawa tunasalimiana njiani. Shule zilipokaribia kufunguliwa mwezi Januari, alikuja kibandani na kitambaa cheupe, shati moja la mtoto. Hakuketi. Akauliza, "Lini?" Nikafungua daftari mbele yake, tukahesabu wote wawili kwa kidole, zilikuwepo kazi tisa. "Alhamisi, saa kumi jioni." Akaninyooshea pesa. Nikamwambia nilishamwahidi bila malipo. Akasema, "Hapana, hii ni kazi yako."

Alhamisi umeme ukakatika saa sita mchana. Nilimaliza mikono kwa cherehani ya miguu ya jirani, pasi nikaipasha kwa mkaa. Alifika saa kumi kasorobo. Akalitoa shati kwenye mfuko, akaligeuza kola, akapitisha kidole kwenye pindo, halafu akakiona kile kipande cheupe kilichobaki nilichokikunja chini yake. Akakishika kwa muda. "Hiki nacho changu?" akaniuliza. Nikamwambia, "Chako, mama."